Gilasi ya Mfano

Kofi la kwanza Swafia alimpiga mtu asiye na kosa. Ilikuwa Mwembe Tayari, saa nne asubuhi, mabasi ya bara yakishusha mizigo. Alikuwa ameinamia katoni ya gilasi za duka lake la Biashara Street wakati mahamali wawili waliposhikana mashati karibu yake. Mmoja akampiga mwenzake kichwa cha pua, naye mwenzake akaanguka juu ya katoni. Swafia alisikia gilasi zikisagika. Akainuka, buibui limejaa vumbi, akamnasa kofi mwanamume wa kwanza aliyekuwa mbele yake.

Alikuwa kijana mrefu mwenye shati la samawati, magunia mawili madogo miguuni. Mdomo ulimtoka damu, naye akacheka.

"Wacheka nini?"

"Nacheka bahati yangu, bibiye. Nimekuja kupokea mchanga, nimepokea kofi."

"Mchanga wa kujengea?"

"Wa kuchorea gilasi. Lakini hizo zako naona hazichoreki tena."

Jina lake Fahmi. Karakana yake ilikuwa uchochoroni Mji wa Kale, yenye mashine mbili: moja yaandika majina kwa mwanga wa leza, nyingine yatema mchanga kwa nguvu ya upepo hadi gilasi ichorwe maua meupe. Swafia akaanza kumpelekea wateja, na kabla ya mwezi kwisha simu zao zikawa hazipoi.

"Umekula, roho yangu?" Swafia humwuliza.

"Sijala. Nashiba sauti yako."

"Basi utakufa njaa, maana nakata!"

Wakafika pazuri. Fahmi akaahidi kwamba wazee wake watakwenda Bondeni Ijumaa, baada ya sala, wampose Swafia kwa babake.

Jumatano, Swafia alipeleka pilau karakanani, akakuta mlango wazi. Fahmi alikuwa ameenda kusali adhuhuri. Mezani palisimama gilasi moja mpya, imezungushiwa asumini za mchanga, na katikati maandishi ya kupendeza: Khairiya na Fahmi.

Khairiya huyo, Swafia alimjua. Nyumba yao ilinunua gilasi sitini za harusi dukani kwake, zichorwe kwa Fahmi, na kaka wa bibi harusi, Jamaldin, ndiye aliyeacha nambari ya simu. Alisema bwana harusi yuko Maskati, na mama hataki jina la bwana huyo litajwe hadi siku ikaribie, aogopa mahasidi. Basi huyu Fahmi alikuwa akitafuta nini kwa mchumba wa watu?

Wivu ukampanda kichwani. Sahani ya pilau ikapasuka ukutani. Akaipiga gilasi picha, akamtumia Jamaldin na maneno haya: Mtazame dadako na fundi wenu. Hakumwuliza Fahmi hata neno moja. Akatoka, akazunguka mitaani nusu saa akilia, kisha akarudi, kwa sababu alitaka amwone akiaibika.

Alisikia mavunjiko tangu kona ya msikiti. Ndani, Fahmi alikuwa chini, juu ya vigae vya gilasi, mkono wa kulia wamwaga damu. Jamaldin, kanzu imeloa jasho, alikuwa na nondo.

"Wamchafua dadangu!" Nondo ikashuka begani. "Wamchafua!" Ikashuka mgongoni.

Rafu nzima ilikuwa imeangushwa. Miguuni pa Swafia palilala vipande vyenye majina. Fairuz na Fahmi. Mutanu na Fahmi. Awino na Fahmi. Huyo Awino aliolewa Ganjoni na bwana aitwaye Nicodemus, na Swafia mwenyewe ndiye aliyeuza zile gilasi! Hapo akafahamu. Mteja asipotaja jina la pili, fundi huandika lake apate kumwonyesha ukubwa wa herufi. Hizi zote zilikuwa gilasi za mfano.

"Mwache! Ni mfano tu! Mwache, Jamaldin!"

Jamaldin hakusikia. Akaiinua nondo juu ya kichwa cha Fahmi. Swafia akaunyakua mpira wa ile mashine ya mchanga, akaufungulia. Mchanga ukamchuna Jamaldin kifundo cha mkono hadi nyama ikaonekana, akapiga ukelele, nondo ikaanguka. Majirani wakajaa, wakamkamata.

Alhamisi, hospitalini, Fahmi alikuwa na nyuzi kumi na tisa kiganjani. Daktari alisema vidole viwili havitakunjika tena. Polisi walipomhoji, hakumtaja Jamaldin; alisema aliteleza akaangukia gilasi zake.

Swafia alikaa ukingoni mwa kitanda, macho mekundu. "Fahmi, ile picha..."

"Ulituma wewe. Jamaldin alinionyesha simu kabla ya pigo la kwanza."

"Na hukusema?"

"Nimwambie nani? Wakuchukue wewe, nami nioe nani?"

Swafia akalia mpaka ushungi ukaloa. Alijiona hana thamani ya kukaa kitandani pale.

"Mbona hukuniuliza?" Sauti ya Fahmi ilikuwa ndogo, na hasira ilikuwamo. "Neno moja tu, Swafia."

"Niliona jina lako nikapofuka. Naogopa kukukosa."

Fahmi akautazama mkono wake uliofungwa. "Wazee wangu waja kesho. Sijawazuia."

"Bado wanitaka?"

"Nakutaka. Lakini sitakubali babako anipe mke akidhani ni Jamaldin peke yake aliyenivunja. Mwambie kwa kinywa chako. Akisema tungoje mwaka, tutangoja. Usipomwambia, wazee hawaji."

Babake Swafia alikuwa mwalimu wa madrasa, mtu asiyewahi kumwinulia mwanawe mkono, na alijivuna na binti yake kila mahali. Kumwambia ilikuwa kazi kuliko kuikabili ile nondo. Swafia akatoa simu, akampigia.

"Asalaam aleikum, Baba."

"Waaleikum salaam, mwanangu. Mgonjwa aendeleaje? Nimemsomea tangu alfajiri. Watu wasema kuna mtu alimchochea Jamaldin. Huyo mtu namshtakia Mungu, namwomba amkaushe mkono ule ule wa kulia..."

"Baba, usiimalize hiyo dua," Swafia akasema. "Ni mimi."