Saa Moja ya Mashine

Haya, nakutegea wewe unayesoma: ninaye mtumishi hali, hanywi, hachoki, nikimwagiza vizuri hutii, nikimwagiza vibaya hutii vilevile. Ni nani? Fikiri kidogo. Umeshindwa? Basi nipe mji, nikae humo nikujibu. Ni mashine ya kazini. Sasa sikiliza ilivyoipasua nyumba moja.

Katika kiwanda cha kufua mashuka ya hospitali alikuwapo karani mmoja. Wenzake walimwita Bi Nukta, maana hata nukta ikikosekana kwenye karatasi yako, alikurudishia. Nyumbani aliishi na mumewe pamoja na wifi yake, dada wa mume. Wifi huyo alikuwa mpiga pasi kiwandani humo humo. Kila asubuhi walitoka pamoja wakitaniana njia nzima. Wifi alizoea kusema kwamba kaka yake hakuoa mke, alioa daftari.

Mlangoni palikuwa na mashine ya mahudhurio. Unaweka kidole, taa ya kijani inawaka, unaingia. Ukichelewa, inawaka nyekundu. Zikifika nyekundu tatu, kompyuta inaandika barua ya kuachishwa kazi na kuituma yenyewe. Hakuna anayeulizwa.

Mwezi huo wapiga pasi walipangiwa zamu mpya, saa moja asubuhi mpaka saa tisa alasiri. Bi Nukta ndiye aliyeiingiza kwenye kompyuta. Ilikuwa mara yake ya kwanza. Zamu za zamani ziliingizwa na karani aliyestaafu. Wifi alitangulia kuianza zamu hiyo. Wenzake watano wangefuata wiki ya pili.

Jumatatu Bi Nukta aliweka kidole: kijani. Wifi akaweka chake: nyekundu. Na saa ya ukutani ilikuwa bado haijagonga saa moja. Bi Nukta akasema ni vile vidole, vimeungua kwa pasi mpaka vimekuwa laini kama sabuni. Akafuta kioo kwa kitambaa. Akaizima mashine, akaiwasha. Jumanne, nyekundu. Akamsajili kwa kidole kingine. Jumatano, nyekundu tena, na kabla ya chakula cha mchana barua ikaingia kwenye simu ya wifi.

Wote wawili waliitwa kwa meneja. Meneja alimuuliza Bi Nukta kama kweli mfanyakazi huyu huchelewa. Akapiga hesabu haraka. Akisema hapana, atakuwa amesema kwamba mashine imekosea, na zamu aliiingiza yeye. Tena katika ukarani wenyewe alikuwa bado kwenye kipindi cha majaribio.

"Mashine ndiyo iliyoandika, bosi," alisema.

Wifi akamgeukia. "Wifi, tumepita mlango ule bega kwa bega siku tatu. Uliniona, au hukuniona?"

Bi Nukta akazipanga upya karatasi ambazo zilikwisha kupangwa.

Jioni hiyo wifi alifunga nguo zake, akahamia chumba cha kupanga. Mume hakugomba. Alikula, akaosha sahani yake mwenyewe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu waoane, akatoka nje.

Wiki ya pili wale watano nao waliwakiwa na nyekundu, na Jumatano barua tano zikatoka kwa mpigo. Mashuka yalirundikana bila kupigwa pasi. Hospitali ikapiga simu. Hapo ndipo meneja alipomwita fundi wa kompyuta, mwanamke mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa uzi.

Fundi hakugusa swichi. Aliuliza kwanza tatizo lilianza lini, na ni kitu gani kilibadilishwa kabla halijaanza. Bi Nukta alijibu kwa sauti ndogo kwamba ni zamu mpya. Fundi akafungua kumbukumbu ya mashine, akamwambia asome mstari wa wifi yake wa Jumatatu.

"Ameingia 06:52. Amechelewa saa tano na dakika hamsini na mbili."

"Mtu achelewe saa tano, halafu afike jua ndiyo kwanza linachomoza?" fundi alisema. "Mwanangu, nyinyi mlisoma rangi, maandishi hamkuyasoma. Hiyo saa moja uliiandikaje?"

"Moja, halafu sifuri mbili."

"Basi ulimtaka kazini saa saba usiku. Mashine huanza kuhesabu katikati ya usiku, sisi tunaanza kunapokucha. Saa yetu ya mchana iongeze sita. Saa moja asubuhi ni 07:00. Saa tisa alasiri ni 15:00."

Alimweleza pia kwamba kuzima na kuwasha huifaa mashine iliyozubaa, si iliyoagizwa vibaya. Hakumruhusu arekebishe kwa wote mara moja. Walijaribu kwa mpiga pasi mmoja, na asubuhi iliyofuata taa yake ikawaka kijani. Ndipo wakarekebisha kwa waliobaki. Mwisho fundi akaifunga ile njia ya barua: tangu siku hiyo hakuna barua inayotoka kabla mtu hajaisoma kumbukumbu na kutia sahihi.

Wale watano walirudi pasini. Bi Nukta hakufukuzwa. Meneja alimpa barua ya kumrudisha wifi kazini, akamwambia aipeleke kwa mkono wake.

Alimkuta uani, amepiga magoti mbele ya beseni, anafua nguo za watu. Wifi alifuta mikono, akaisoma barua mpaka mwisho, akaikunja.

"Kazini nitarudi," alisema. "Kwenu sirudi."

Bi Nukta akaanza kueleza habari za fundi, na sita za kuongeza, na jinsi taa sasa inavyowaka kijani kwa kila mtu. Wifi alirudi kwenye beseni, akaendelea kukamua.

"Hayo ya mashine wenzangu wameshanisimulia. Mimi sikukuuliza habari za mashine."

Maji yalichuruzika kutoka kwenye shuka. Bi Nukta alitazama vile vidole vilivyoungua, kimoja kimoja.

"Nilikuona, wifi," alisema. "Siku zote tatu nilikuona."