Aliyeitikia Badala ya Mama Viraka

Jua lilikuwa linaaga wakati Mama Viraka anafunga mlango wake, kajitwika furushi la vizibao kumi na viwili vya rangi ya machungwa, vile vyenye mistari inayong'aa ikimulikwa. Anawapelekea wapimaji kwenye kontena lao, mwisho wa mtaa. Mgongo unamuuma, kipande cha uzi bado kimemganda mdomoni, lakini roho yake safi. Nani mwingine pale mtaani angesema amewashonea watu wa reli?

Maana reli ilikuwa inakuja, jamani. Treni ya umeme, kituo chenye ngazi zinazopanda zenyewe, na maghorofa ya kuishi watu huku na huku. Mtaa mzima ulivimba kichwa. Kila nyumba ilipigwa namba nyekundu ukutani, na kila mwenye mdomo akawa mhandisi. Huyu anasema mstari unapita buchani, yule anaapa unapita nyuma ya shule. Mwisho ikajulikana: pale kwenye kona, mstari lazima ule nyumba moja kati ya mbili. Sabini na tatu ya Katibu, au sabini na nne ya Mama Viraka.

Huyo Katibu ni mwanamke mwembamba, mwenye miwani, katibu wa kamati ya mtaa. Na ni shoga yake Mama Viraka wa kufa na kuzikana, miaka ishirini na mbili ukuta mmoja. Chumvi ikiisha kwa huyu, anaingia jikoni kwa yule bila hodi. Mume wa Mama Viraka alipofariki, Katibu alihamia kwake mwezi mzima, akawa anamlisha kwa kijiko kama mtoto. Lakini hiyo habari ya nyumba moja kati ya mbili hawakuigusa hata siku moja. Ilikaa katikati yao kama mgeni asiyejua kuaga, wakawa wanaizunguka tu.

Sasa, siku ya kuhesabiwa ilikuwa Jumatano. Utaratibu wenyewe mwepesi. Mpimaji anasimama mlangoni, anaita namba ya nyumba. Mwenyewe anaitika, "Tupo." Anaweka dole gumba kwenye daftari, wanapiga chaki mlangoni, wanasonga mbele.

Mama Viraka siku hiyo alikuwa na vizibao saba bado havijakamilika. Akapaza sauti dirishani bila kuinua mguu kwenye cherehani.

"Shoga, hao watu wakifika niitikie. Waambie nipo, nimebanwa."

"Shona wewe," Katibu akajibu. "Nitakuitikia."

Ndilo kosa lenyewe, na Mama Viraka alilifanya huku anacheka.

Kuanzia Alhamisi mambo yakawa hayaeleweki. Kwenye foleni ya bomba, mwanamke mmoja akaja akamwekea ndoo juu ya mguu. Juu ya mguu kabisa.

"We mama, huo ni mguu, si kigae," akasema Mama Viraka.

Yule mwanamke akageuka huku, akageuka kule, akajisugua mikono kama aliyepigwa na upepo wa baridi. Na Mama Viraka si mtu wa kupotea machoni, jamani. Ana kilo tisini na kitu, na akicheka mabati yanaitikia. Akajiangalia tumbo. "Sasa mimi nimekonda lini?"

Ijumaa mteja akaja kuchukua gauni. Akasimama mlangoni, akamtazama usoni kabisa, halafu akamwambia mwenzake, "Amefunga. Twende."

Mama Viraka akajua wameanza kumnunia kwa sababu ya reli. Wivu wa vizibao. Kilichomuuma ni Katibu. Tangu Jumatano Katibu hakukanyaga kwake. Anamwona dirishani, anamgeuzia mgongo. Akajipa moyo kwamba ni mama yake Katibu, yule bibi asiyeweza kutembea, labda kazidiwa.

Basi Jumamosi hiyo, jua likiaga, ndiyo akabeba furushi.

Kipande cha mwisho cha mtaa kilikuwa kimeshavunjwa. Ukipita pale unaona maisha ya watu yalivyokuwa: vigae vya bafu la fulani, ukuta wa buluu wa chumba cha fulani, msumari bado umening'iniza kalenda. Harufu ikamjia. Udongo uliochimbwa muda huohuo, mbichi, na chokaa.

Ko.

Akasimama.

Ko... ko...

Nyundo juu ya kigingi. Akaangaza. Hakuna mtu. Vigingi vyenyewe vilikuwa vimejipanga mstari mmoja, vimenyooka, kimoja kila hatua kumi, na vyote vikielekea alikotoka yeye.

Kwenye kontena alikuwepo mwanaume mmoja, kakaa kwenye kiti cha plastiki, daftari magotini. Hakuwa na taa.

"Karibu, Mama Viraka," akasema polepole. "Tulikuwa tunakungoja."

Nusura alie kwa furaha. Siku tatu, huyu ndiye wa kwanza kumwita jina.

"Marahaba, au niseme ahsante, hata sijui," akacheka, akashusha furushi. "Vizibao hivi hapa, vyote kumi na viwili. Jaribu kimoja tuone mabega."

"Wapimaji wameshaondoka. Sisi hatuvai."

Hapo ndipo akamtazama miguu. Peku. Udongo umemkaukia mpaka magotini, udongo mwekundu. Na mtaa wao wote, chimba unavyotaka kuchimba, ni mchanga mweupe.

Akarudi nyuma hatua moja.

Yule mwanaume akafungua daftari, kidole kikashuka taratibu kwenye orodha.

"Sabini na nne," akanong'ona. "Hamna mtu."

"Hamna mtu vipi? Si mimi hapa?"

"Uliitikiwa."

"Ndiyo. Nilimwambia shoga yangu aniitikie kwamba nipo."

"Alisema hamna mtu. Alisema mwenyewe alikufa, nyumba imebaki tupu. Mstari haupiti juu ya mtu, mama. Ukikuta mtu unapinda. Unataka nyumba tupu."

"Atakuwa alichanganya. Kelele za cherehani, labda hakusikia swali..."

"Aliulizwa mara tatu."

Upepo hakuna, lakini karatasi zikafunuka. Akamgeuzia daftari. Pale kwenye namba sabini na nne palikuwa na alama ya dole, wino wa buluu, na katikati ya dole kovu dogo la duara.

Kovu hilo Mama Viraka alilijua. Ni sindano ya cherehani yake mwenyewe, mwaka ule alipokuwa anamfundisha Katibu kushona. Iliingia huku ikatokea huku. Yeye ndiye aliyeichomoa, akamsafisha kwa maji ya chumvi, akampulizia kidole mpaka akalala.

Akakaa chini, hapohapo kwenye mchanga, kama mzigo uliokatika kamba.

"Sasa nifanye nini, baba?"

"Aliyeitika badala yako, akuite. Akutaje jina kwa mdomo wake, wewe uitike mwenyewe. Kabla hawajaja kuvunja."

"Na asiponiita?"

Aligeuza shingo kuelekea kwenye magofu.

Watu walikuwa wamesimama. Mmoja mmoja, kila mtu mahali palipokuwa mlango wake. Kati yao Mama Viraka akamwona Mzee Redio, na kile kiredio chake kwapani. Mzee Redio ambaye mtaa mzima ulijua amehamia kwa binti yake. Hata yeye Mama Viraka alikuwa akimwambia kila aulizaye: kahamia kwa binti yake.

Ni nani aliyeleta habari hiyo?

Katibu.

Mama Viraka akakimbia. Mwili wote ule, viatu akaviacha, furushi akaliacha. Na nyuma yake, haizidi kasi, haipungui...

Ko... ko... ko...

Alimkuta Katibu nje ya mlango wake, anapepea jiko la mkaa kwa kipepeo cha ukili. Peke yake.

"Katibu. Shoga. Niite."

Katibu akaendelea kupepea.

"Sina ugomvi na wewe, niite tu. Niite Mama Viraka, niite kibonge, niite tusi lolote unalolijua. Najua unayajua mengi."

Kipepeo kikaenda, kikarudi. Mama Viraka akamshika bega. Katibu akatetemeka, akajifunika khanga mpaka kidevuni. Mama Viraka akajiambia haya, hanioni masikini, hata yeye hanioni, na moyo ukamrudi kidogo. Maana mtu asiyekuona utamlaumu vipi?

Ndipo akaona kipepeo kimesimama. Machozi yanamtiririka Katibu chini ya miwani.

"Usiniangalie hivyo," Katibu akanong'ona, macho kwenye makaa.

Mama Viraka akaondoa mkono begani kwake.

"Walikuja kwangu kwanza," Katibu akasema. "Sijui ni akina nani. Hawakuwa wale wapimaji wa mchana. Walisema mstari umeshakula kwa Mzee Redio, sasa umefika hapa, utaingia kwako au kwangu. Mama yangu yuko ndani, hawezi hata kugeuka kitandani. Ningemweka wapi?"

"Ungeniambia mimi. Tungekaa wote kwangu."

"Nikikuita sasa hivi, wanahamia mlango huu."

"Miaka ishirini na mbili, shoga."

"Najua."

"Nilikuogesha ukiwa na homa. Nilikuogesha kama maiti."

"Najua," akasema Katibu. Akaepua sufuria, akaingia ndani, akarudishia mlango polepole, kama unavyorudishia mlango mtu amelala.

Mama Viraka akakaa kwenye kizingiti cha nyumba yake. Hakuwa na pa kwenda. Akawaita wapita njia, akamwita muuza sabuni, mpaka sauti ikawa mkwaruzo. Kulipopambazuka kigingi kilikuwa katikati ya miguu yake, na udongo ulioshikilia kigingi ulikuwa mwekundu.

Tingatinga likaja saa moja asubuhi. Likanguruma, likanyanyua mdomo wake, likasimama. Dereva, mtu mzima mwenye mvi za kidevu, akatoa kichwa nje.

"Mbona kuna mama kakaa mlangoni?"

Watu wakacheka. Wakatazama mlango, wakamtazama dereva, wakamuuliza amelalia nini usiku. Dereva hakucheka. Akamgeukia Katibu aliyesimama na orodha yake mkononi.

"Katibu, mle kuna mtu?"

Mama Viraka akainuka. Akamtazama shoga yake. Sauti ilikuwa imeisha.

Katibu akasafisha miwani kwa pindo la khanga, akaivaa.

"Hamna mtu," akasema. "Vunja."

Yule dereva akazima mashine. Akashuka, akaacha funguo juu ya kiti, akaondoka kwa miguu, na kazi ile hakurudi tena. Wakatafuta mwingine, kijana mwepesi mwenye haraka zake. Huyo hakuona kitu. Kufika adhuhuri sabini na nne ilikuwa vifusi.

Watu wa mtaa wakaanza kuulizana, jamani, Mama Viraka kaenda wapi? Katibu akawaambia kahamia kwa kaka yake. Akaangua kilio cha kweli, akakaa kwenye ngazi ya mlango wake, akasema yule hakuwa jirani, alikuwa ndugu yake wa tumbo moja. Wanawake wakamfuta machozi, wakambembeleza, wakaondoka mmoja mmoja kwenda kupika. Akabaki peke yake, mabega yanatikisika.

Mama Viraka alikuwa amesimama kwenye vumbi, anamtazama. Na mwili una mazoea yake. Miaka yote ile, Katibu akilia, yeye ndiye humwendea. Miguu ikamchukua yenyewe mpaka pale kwenye ngazi.

Katibu hakuinua uso. Alijifuta pua, akajisogeza upande mmoja, akampisha nafasi ya kukaa.

Wakakaa hivyo mpaka giza likaingia. Jina hakulitaja.