Chagua Ngumi, Kaka

Ilianza na harufu. Mchana kweupe, saluni nzima ikanuka udongo mbichi na uvundo. Binti wa kinyozi, hereni zake zikining'inia, aliacha kufagia akanusa.

"Baba, kuna kitu kimekufa humu?"

"Fagia, mama. Panya huyo."

Panya gani! Saluni ile kinyozi na mdogo wake waliachiwa na baba yao, wakaigombea mpaka wakakubaliana kuichezea sataranji, mchezo mmoja tu. Mwenye kete nyeupe ndiye huanza, na kinyozi asipoanza hana maajabu. Basi akaficha kete mbili za askari viganjani, eti mweupe na mweusi, akanyoosha ngumi mbili. "Chagua, mdogo wangu." Mdogo mtu akagusa ya kushoto: mweusi. Ya kulia hakuonyeshwa. Kumbe nayo ilikuwa na mweusi! Akashindwa, akaondoka na begi moja, akafia ugenini. Na huyu mwizi hata mazishini hakwenda.

Mteja akaingia, kichwa kainamisha, akaketi. Kinyozi akamfunga shuka, akamfunika uso kwa taulo la moto. Mashine ikazimika yenyewe.

Ko. Ko.

Akageuka kwenye ubao wa sataranji pale dirishani. Akataka kukimbia, miguu ikakataa, na huku ile harufu ikimjaa puani na kete zikijigonga ubaoni pasipo mkono wa mtu, ko, ko, ko, akaona shuka likiinuka polepole kama lina paka ndani, na chini yake zikachomoza ngumi mbili, kucha zimejaa udongo.

"Chagua, kaka," sauti ikanong'ona chini ya taulo. "Moja ina roho yako. Nyingine ya binti yako. Utakayoigusa naondoka nayo."

"Nisamehe, ndugu yangu," kinyozi akanong'ona, machozi yakimtoka. "Chukua saluni."

"Kaburini nani ananyolewa? Chagua, au nabeba zote."

Nyuma yake ufagio ulikuwa ukienda, swa, swa. Mungu wangu, ichukue yangu, akaomba, akagusa ya kushoto.

Ngumi ikafunguka. Hereni ya binti yake.

"Siyo! Fungua na ya kulia!"

"Wewe ulinifungulia?" Sauti ikacheka kidogo. "Haya, tazama. Mimi si mchoyo kama wewe."

Ya kulia ikafunguka. Hereni ya pili.

Nyuma yake, ufagio ukaanguka sakafuni.