Kiu ya Kigari Namba Nne

YAH: UPUNGUFU WA MAJI YALIYOKENEKWA, KIGARI NAMBA 4.

Ndivyo barua ilivyoanza, kwa herufi kubwa na mstari chini yake. Nakala zilipelekwa kwa mwenyekiti, kwa nahodha wa gofu na, kwa sababu ambazo hazikuelezwa, kwa msimamizi wa jikoni. Wepukhulu aliisoma amesimama mlangoni pa banda la vigari, Mei 2006, mvua ya Kitale ikijikusanya upande wa mlima. Alipewa siku saba aeleze kwa maandishi lita kumi na mbili za maji hayo safi ya betri zimekwenda wapi, la sivyo atafute kazi kwingine. Hilo la mwisho halikuandikwa. Katibu Mbogo alilisema kwa mdomo, kuokoa karatasi.

Klabu ya Gofu ya Miti Saba, juu kidogo ya Kibomet, ilikuwa na vigari sita vya umeme, vya mtumba, vya kuwabeba wanachama ambao daktari alikuwa amewaambia watembee. Chini ya kiti cha kila kigari kulikaa betri sita. Jioni Wepukhulu alizichomeka kwenye chaja. Asubuhi alizipima kwa mita, akafungua vifuniko, akavuta asidi kwa haidromita aone kama imekuwa nyepesi, akasugua kutu, kisha akaongeza maji pale yalipopungua. Maji huongezwa baada ya chaji, si kabla, maana ukitangulia yatachemka yamwagike. Hayo yote alifundishwa na Wanyonyi, fundi aliyekuwa juu yake.

"Betri ni kama ng'ombe," Wanyonyi alikuwa akisema. "Inakunywa kidogo, na inajua saa yake."

Wanyonyi alikufa mwezi wa pili, humo humo bandani. Kamati ilikuwa imeagiza dirisha lizibwe kwa mbao, kwa kuwa harufu ya betri ilikuwa ikiwafikia wanachama kwenye veranda na kuharibu chai. Gesi ikajaa, cheche ikaruka, betri ya tatu ya kigari namba nne ikapasuka usoni pake. Ripoti iliitwa "Kuharibika kwa Betri Moja na Taa Mbili". Wanyonyi alitajwa katika kipengele cha nne: alifariki papo hapo.

Dirisha lilifunguliwa. Betri mpya ikawekwa. Na betri hiyo mpya, ya tatu, katika kigari hicho hicho, ikaanza kunywa.

Mara ya kwanza Wepukhulu alidhani imepasuka. Akaitoa, akaipangusa, akaiweka juu ya gazeti kavu siku nzima, na gazeti likabaki kavu. Akaibadilishia chaja. Akaipeleka namba mbili na kuleta ya namba mbili hapo. Ile iliyohama ikatulia kama mtoto wa shule ya misheni, na ile iliyoletwa ikaamka kavu, mabamba yake wazi. Haikuwa betri. Ilikuwa mahali.

Tena kulikuwa na suala la fomu. Maji ya betri yalitolewa stoo kwa fomu, na kabla ya Katibu kuitia sahihi huruhusiwi kufungua hata tone. Sasa kila fomu aliyoiacha bandani aliikuta imetoboka mahali pamoja tu, pale pa sahihi: tundu dogo lenye kingo za hudhurungi, kama asidi inavyokula karatasi.

"Fomu yenye tundu si fomu," Mbogo alisema, akiiinua kwenye mwanga. "Na hii maji, Wepukhulu, haipotei hivi hivi bana. Unauza?"

"Nauzia nani, Katibu? Maji ya betri haipiki chai."

"Basi unamwaga."

Wepukhulu alisita. "Kuna mtu anakunywa."

Mbogo alimtazama juu ya miwani. "Mtu gani? Ni mwanachama?"

Kemboi, askari wa geti, ndiye aliyemfuata siku hiyo, akamvuta kando ya ua.

"Mimi si mlevi, unanijua," alinong'ona. "Lakini kwa hiyo banda kuna mtu anakohoa. Mchana, na wewe uko kantini unakula. Nimeenda mara mbili. Mara ya pili sikuingia."

"Umeona nini?"

"Si kuona. Kiti ya namba nne ilikuwa imebonyea, ati kama mtu ameketi. Hiyo ni jini, ndugu yangu. Wachana na hiyo kazi."

Lakini kazi ni kazi, na Wepukhulu alikuwa ameahidiwa nafasi ya Wanyonyi kikamilifu, pamoja na nyumba ya wafanyakazi yenye vyumba viwili, barua yake ya maelezo ikikubaliwa. Mkewe alikuwa ameshachagua rangi ya mapazia.

Siku ya tano mvua ilishuka saa kumi jioni, ile mvua inayopiga mabati mpaka mtu asisikie mawazo yake. Wanachama walikimbilia baa. Wepukhulu alichomeka chaja zote sita, zikaanza kunguruma kwa pamoja, kisha stima ikapotea. Chaja zikanyamaza. Mvua nayo, kana kwamba na yenyewe ilikuwa kwenye laini ile ile, ikakatika.

Ndipo aliposikia. Kwanza alijiambia ni betri zinatulia, kwa maana betri ikitoka kwenye chaji huchemka chemka ndani kwa muda. Halafu akakumbuka kwamba chaji haikuwa imekaa hata dakika tano, na sauti hii haikuwa ya mapovu bali ya koo, gugu, gugu, gugu, ya mtu aliyeinamia maji kwa mdomo na hana mikono, na pamoja nayo ikaja harufu, si ile ya mayai viza aliyoizoea bali ya nguo iliyoungua na kuloweshwa, ovaroli ya bluu anayoijua, na kifuniko cha betri ya tatu kikawa kinajizungusha polepole kikirudi mahali pake, kwa uangalifu, nusu kuelekea kulia kisha robo kurudi kushoto ili uzi wa skrubu usikatike, jinsi ambavyo ni mtu mmoja tu duniani aliyekuwa akifunga vifuniko, na kutoka kwenye kile kiti kilichobonyea sauti iliyokauka ikasema, bila hasira hata kidogo:

"Wepu. Maji."

Alikimbia mpaka kwenye geti. Kemboi alimsogezea kigoda.

Usiku huo aliandika maelezo yake, na siku iliyofuata kamati ilikutana na kulijadili jambo hilo chini ya "Mengineyo". Ikaamuliwa mchungaji aite Mungu bandani kwa muda usiozidi robo saa, kwa kuwa mashindano yalikuwa Jumamosi. Mchungaji alianza namba moja, akaendelea kwa utaratibu. Alipoweka kiganja kwenye kiti cha namba nne kilirudi kimelowa, na ngozi ikaanza kumwasha. Aliondoka bila kunywa soda aliyoandaliwa. Hivyo kamati ikatafuta neno lingine, ikalipata: uvukizi. Maji yamevukizwa na joto. Wepukhulu hana hatia, anathibitishwa kazini, anapewa nyumba. Chini kabisa, kwa herufi ndogo: mfanyakazi asizungumzie kwa namna yoyote tukio la mwezi wa pili, ambalo limefungwa.

Aliisoma barua hiyo mara tatu. Bandani kilikuwa kikisikika kikohozi.

Siku ya soko alishuka Chwele kupitia Kimilili. Nabwile, mjane wa Wanyonyi, alikuwa ameketi nyuma ya vitunguu vyake, khanga nyeusi kichwani. Alimwona kutoka mbali, akaendelea kupanga vitunguu.

"Mulamwa," alimwita, maana ndivyo alivyomwita siku zote, shemeji, ingawa undugu wenyewe ulikuwa wa kazini. "Umekonda. Gofu inakula watu?"

Wepukhulu akachuchumaa, akamweleza kwa sauti ya chini: maji, fomu zenye matundu, ile sauti. Alitarajia kilio. Nabwile alimsikiliza huku akimuuzia mteja vitunguu vinne.

"Mulamwa, siku ya mazishi nani alisimama kusema vile mume wangu alikufa?"

"Ni mimi."

Kwao hakuna anayefukiwa kabla ya yule aliyekuwa naye mwisho kusimama mbele ya watu na kueleza alivyokufa: alisema nini, aliomba nini, alielekea wapi. Maelezo hayo ndiyo mlango anaotokea marehemu. Wepukhulu alikuwa amesimama kando ya jeneza na karatasi iliyopigwa chapa na klabu, akaisoma mpaka kituo cha mwisho. Alijiambia anamhurumia mjane.

"Ukasema alikufa mala moja. Hakusikia uchungu." Nabwile sasa alimtazama. "Mtu amekufa mala moja hatafutangi maji."

Wepukhulu aliokota kitunguu kilichobiringika, akakirudisha kwenye fungu.

"Mimi ndio niliosha huyo mtu. Midomo alikuwa amejiuma mpaka ikakatika. Nilijua. Nilingoja tu uje mwenyewe." Akafunga gunia. "Jumapili kuna maombi ya ukumbusho, watu watakuwa nyumbani. Simama tena. Na kama unaogopa kazi, rudi Kitale uendelee kumnywesha. Lakini usinunue vitunguu yangu."

Jumapili alisimama. Watu walikuwa wengi, na miongoni mwao alikuwapo mtu wa Kimilili aliyecheza gofu na Katibu Mbogo.

Jumatatu, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Kemboi alimzuia getini. Alikuwa na bahasha mkononi, na aibu usoni.

"Wamesema nisikufungulie. Hata nyumba wamebadilisha kufuli. Pole, ndugu yangu."

"Na namba nne?"

Kemboi alitazama nyuma, kuelekea bandani. "Nimechungulia asubuhi. Imejaa mpaka juu. Hata kukohoa hakuna."

Barua ilikuwa na kichwa: YAH: MATAMSHI YASIYOIDHINISHWA. Ilimtaja mara saba, na haikutaja hata mara moja matamshi yenyewe, ambayo yalikuwa haya:

"Wanyonyi hakufa papo hapo. Aliishi dakika kumi na moja, shingo imechanika, macho yameungua, akiniita kwa jina na kuomba maji. Bomba lilikuwa kavu, kwa sababu maji yote yalikuwa yamefunguliwa kwenye nyasi. Mkononi nilikuwa na galoni ya maji ya betri, lita tano, haijafunguliwa. Fomu yake ilikuwa haijatiwa sahihi. Niliiweka chini, nikaenda kumtafuta Katibu."