Ng'ombe Kumi na Wanane wa Kibakwe

Jumanne, saa 9:15 alasiri.

Gaudence alifunga komeo la stoo. Upande wa mbele lilikuwa duka lake la dawa za mifugo, Majengo, Dodoma mjini. Huku nyuma palinuka dawa ya kupe.

"Kesho," alisema. "Ng'ombe kumi na wanane, Fuso moja. Hakuna risasi, hakuna kelele. Tukivuka kizuizi cha njia ya Mpwapwa, mzigo ni wetu."

Waliomsikiliza walikuwa watatu. Athuman, dereva, mtu wa Kondoa asiye na maneno mengi. Meshack, aliyeupata mchongo. Na Hana, dada yake Meshack, fundi wa kompyuta aliyekuwa akiusimamia mfumo wa kizuizi hicho kwa mkataba.

"Sista, waeleze," alisema Gaudence.

Hana alieleza huku akiangalia meza.

"Kila ng'ombe ana hereni ya kielektroniki. Askari wanaisoma kwa mashine, namba inakwenda makao makuu. Makao makuu hawajibu hapo hapo. Kwanza wanarudisha 'imepokelewa'. Jibu lenyewe, pita kama mwenye ng'ombe ameomba kibali, zuia kama hakuomba, linakuja baadaye, kwa njia yake."

"Sasa ujanja uko wapi?" Athuman aliuliza.

"Katikati kuna programu inayounganisha pande mbili. Ni ya chanzo huria, mtu yeyote duniani anaweza kuisoma na kuirekebisha. Ina kasoro. Ikishauliza swali, haiachii laini. Laini zikijaa, jibu linafika halina pa kuingilia. Linapotea. Na dakika moja ikipita bila jibu, skrini ya kizuizini inawaka kijani."

"Kijani? Bila jibu?"

"Wafanyabiashara walilalamikia foleni siku za mnada. Wakubwa wakaamua hivyo."

"Na wewe kazi yako?"

"Nazijaza laini kwa maswali ya uongo."

Hakuwaambia kwamba dawa ya kasoro ile alishaiandika. Ilikuwa kwenye laptopu yake, mistari kumi na moja, imejaribiwa, inasubiri kutumwa. Gaudence pekee ndiye aliyejua. "Usiitume mpaka nimalize," alimwambia. Gaudence ndiye aliyemwekea Meshack dhamana mwaka jana. Angejitoa tu, Meshack angerudi rumande. Hana aliingia kwenye dili hili kwa ajili ya mdogo wake, si kwa kingine.

"Ng'ombe wenyewe wa nani?" aliuliza.

Meshack alidakia haraka. "Wa tajiri mmoja wa hapa mjini. Ana ranchi. Hata hatajua."

Jumatano, saa 4:40 asubuhi.

Simu ya Gaudence iliita mezani. Aliweka sauti ya nje.

"Tumepakia," alisema Meshack. "Tunashuka."

Hana alikaa mbele ya laptopu, mle mle stooni. Simu yake ilikuwa mfukoni mwa Gaudence. Gaudence mwenyewe alikaa mlangoni, bastola juu ya paja.

Saa 5:25.

"Nisomeeni hereni moja," alisema Hana. "Nijaribu njia kabla hamjafika."

Meshack alisita. "Lazima?"

"Lazima."

Akataja namba, moja moja. Hana akaiandika. Kwa ufunguo wake wa kazi, rejista ilifunguka.

Mmiliki: Paulina Ndahani. Kijiji: Kibakwe.

Alisoma tena. Mama yake mzazi. Mjane aliyeuza ng'ombe wanne ili Hana amalize chuo. Zizi lote halikuzidi hao kumi na wanane.

Aliisogelea simu.

"Mesha. Umesema ng'ombe wa nani hawa?"

Injini ya Fuso ilinguruma kwenye simu. Kisha Meshack akajibu, sauti laini, ile ile aliyokuwa akitumia kumwomba chakula walipokuwa wadogo.

"Wa tajiri, dada. Si nilikuambia jana?"

Gaudence alikuwa akimtazama Hana. Hakushangaa, hakuuliza. Hana akaelewa kwamba na yeye alijua toka mwanzo.

"Njia iko sawa?" aliuliza Gaudence.

"Iko sawa," alijibu Hana.

Saa 6:05 mchana.

Aliifungua ile mistari kumi na moja. Laini iachiwe mara tu 'imepokelewa' inaporudi. Kila jibu libebe namba ya swali lake, hata likichelewa limkute mwenyewe. Akaiingiza kwenye mfumo wa kizuizi.

Gaudence aliinuka, akasimama nyuma yake.

"Hiyo nini?"

"Natega maswali ya kujazia laini."

Gaudence aliikodolea skrini. Hakuambulia kitu. Akarudi kukaa.

Hana akauzima mfumo, akauwasha upya. Sekunde ishirini. Ukawaka.

Saa 6:52.

"Tupo kizuizini," alinong'ona Meshack. "Wanasoma hereni."

Ng'ombe mmoja alilia.

"Imeandika imepokelewa. Jaza sasa, dada."

Hana hakugusa kitu.

"Jaza!" Gaudence alisema.

Sekunde ya tisa jibu lilifika. Safari hii lilipata pa kuingilia.

"Nyekundu," alisema Meshack. "Hana, imewaka nyekundu. Hana!"

Zikasikika filimbi, kisha Athuman akakanyaga mafuta. Chuma kiligonga chuma. Matairi yalipasuka kwenye misumari, moja, mbili. Mlango ukafunguliwa, mtu akakimbia. Halafu sauti ya Meshack, mbali na simu: "Msinipige! Nimelala chini! Msinipige!"

Gaudence alimpiga Hana kitako cha bastola mdomoni. Akaivunja laptopu sakafuni.

"Umemuuza ndugu yako."

"Na wewe ulijua ni wa mama," alisema Hana. Damu ilimjaa kinywani.

"Aliyewaleta ni yeye. Mimi nimkatalie?"

Akafungua komeo, akaondoka na pikipiki yake. Hana alivuka barabara na damu yake hadi kituo cha polisi, akataja jina lake na kujisalimisha.

Alhamisi, saa 3:00 asubuhi. Mpwapwa.

Walikaa benchi moja, pingu moja. Gaudence na Athuman walikuwa bado hawajapatikana. Meshack hakumwangalia dada yake tangu walipofikishwa.

Mama Paulina aliingia na vumbi la Kibakwe miguuni. Wachungaji walikuwa wamemweleza: Meshack alichukua ng'ombe akisema anawapeleka joshoni kuogeshwa.

"Mama, muulize Hana," Meshack aliropoka. "Yeye ndiye aliyekuwa atufungulie njia!"

Hana alitaka kusema juu ya dhamana, juu ya ile mistari, juu ya namba ya hereni. Mdomo uliovimba ukatoa salamu tu.

"Shikamoo mama."

Askari alishika kalamu. "Mama, hawa unawafahamu?"

"Nimewazaa mimi. Wote wawili. Andika."

"Na ng'ombe?"

"Ng'ombe nitawachukua."

Akapita mbele ya benchi, akatoka nje kwenye jua. Salamu ya Hana hakuiitikia.