Mstari Mmoja Kwenye Chuma

Bibi Sabine alikaa kwenye mkeka, akichambua majani ya maboga. Alikuwa Nathenje, kusini mwa Lilongwe, nyumbani kwa binti yake Annuarite. Yeye mwenyewe anakaa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka na mwanawe Wilondja, tangu walipokimbia vita kule Fizi, Kongo. Lakini Annuarite aliolewa na Mmalawi, Bwana Kachingwe, mfugaji wa mbuzi. Kila Bibi Sabine akipata kibali cha kutoka kambini, anakwenda kuwaona.

Kachingwe ni mtu wa maneno machache. Mama mkwe wake akija, yeye humwekea ndoo ya maji juani ili yapate uvuguvugu wa kuogea. Hamwambii. Anaiweka tu na kwenda zake.

Safari hiyo Wilondja alikuja pia. Yeye ni fundi wa kulehemu. Alileta mfuko wake wa vyombo ili atengeneze mlango wa zizi, kwa sababu fisi walikuwa wameanza tena. Kachingwe alikuwa na bunduki moja. Ilikuwa ya halali, yenye leseni. Akipiga risasi hewani, fisi walikimbia. Bila bunduki ile, mbuzi wangekuwa wamekwisha zamani.

Leseni ilikaribia kuisha muda. Polisi walituma habari kwamba watapita kukagua bunduki kabla ya kutoa leseni mpya. Siku moja kabla hawajafika, Kachingwe alikwenda mjini kutafuta dawa ya mbuzi. Ufunguo wa sanduku la bunduki alimwachia mkewe. Bibi Sabine naye alimaliza majani, akachukua ndoo, akaenda mjigoni, kwenye pampu ya maji ya kijiji.

Annuarite alifungua sanduku ili afute vumbi. Akatoa bunduki, akatoa na leseni. Kisha akaita, "Wilondja, kuja uone. Soma namba hapa kwenye chuma. Sasa soma kwenye karatasi."

Wilondja akasoma. Kwenye chuma, namba iliishia na moja. Kwenye leseni, iliishia na saba. Aliyechapa leseni alikosea.

"Bantu ya ofisi, hapa na kambini, kila fasi ni bale bale," alisema Wilondja.

"Bapolisi bakiona hii, batasema bunduki haiko yetu," alisema Annuarite. "Batasema bwana yangu aliiba."

Wilondja akatabasamu. "Yaya, umesahau kambi? Kadi yangu inasema nini?"

Annuarite akacheka. Yeye ndiye mkubwa, ndiyo maana Wilondja humwita yaya. Alimbeba Wilondja mgongoni walipokuwa watoto. Lakini siku ya kuandikishwa kambini, karani alichanganya miaka yao. Kwenye kadi, Wilondja akawa mkubwa. Watu waliwaambia, "Mukiomba kurekebisha, faili yenu itarudi mwanzo." Waliogopa, hawakuomba. Wakajifunza kujibu kama kadi inavyosema. Kwenye foleni ya chakula Annuarite alikuwa akimsukuma mdogo wake na kumwambia, "Tembea basi, yaya. Ama miguu ya mzee inauma?"

Hawakuwa peke yao. Jirani yao alifika kambini na jina lake, lakini kadi ikamwita Sibomana. Leo hata mke wake anamwita Sibomana. Watu wa kambi wameishi hivyo miaka mingi. Karatasi ikikosea, mtu hujibadilisha ili karatasi iwe kweli.

"Karatasi haibadilikake," alisema Wilondja. "Ni kitu njo inabadilika. Nipe ule mufuko yangu."

Akatoa nyundo ndogo na tindo. Akagonga polepole, kwa uangalifu wa fundi anayeipenda kazi yake. Alichonga mstari mmoja mfupi juu ya ile moja. Ikawa saba.

Bibi Sabine aliporudi na maji, Wilondja alikuwa akipuliza unga wa chuma.

"Mama, tumemusaidia shemeji," alisema.

Mama yake akatazama. Hakuona ubaya wowote. Alimpa maji ya kunawa, wakala nsima, ugali wa Malawi. Jioni Wilondja akarudi Dzaleka, maana kibali chake kilikuwa kinakwisha. Kachingwe alirudi amechoka.

"Ile leseni iko sawa?" akamuuliza mkewe.

"Iko sawa," alijibu Annuarite.

Kesho yake polisi wakaja. Walikuwa sajenti mwanamke na kijana mmoja wa kuandika. Sajenti alimsalimu Bibi Sabine kwanza, kwa kupiga magoti kidogo, kama Wamalawi wanavyowasalimu wazee. Kisha akaiomba bunduki. Akahakikisha haina risasi. Akapitisha kidole kwenye namba.

Tarakimu zote zilikuwa nyeusi kwa uzee. Mstari mmoja tu uling'aa.

"Nani amechonga hapa?" akauliza.

Kachingwe akaitazama bunduki. Akamtazama mkewe. Annuarite alikuwa ameziba mdomo kwa kitenge. Kachingwe akatazama zizi, na mlango mpya ambao shemeji yake aliutengeneza. Akaelewa.

"Bunduki ni yangu," alisema.

"Sikuuliza ni ya nani. Nimeuliza nani amechonga."

"Ni yangu," Kachingwe alirudia.

"Bambo," alisema sajenti kwa Kichewa, yaani bwana, "namba ya bunduki ikiguswa, sisi tunafikiri imeibwa, au imeua mtu. Ukinyamaza, kesi yote ni yako."

Kachingwe alinyamaza. Wakamchukua pamoja na bunduki. Kabla ya kupanda gari alimgeukia mkewe. "Mbuzi hawajanywa maji," alisema.

Kwa siku tatu Annuarite na mama yake walimpelekea chakula kituoni, na siku ya nne, walipotoka huko, walikwenda Dzaleka. Walimkuta Wilondja karakanani, miwani ya kulehemu iko kwenye paji la uso. Annuarite hakumsalimu.

"Bwana yangu iko mu kachot ya polisi," alisema. "Juu ya mukono yako."

Wilondja alizima mashine. "Lakini nilisaidia."

"Ulisaidia. Na mi njo nilikuonyesha. Na bwana yangu niliambia iko sawa. Sasa banasema bunduki iliua bantu."

"Alitaja jina yangu?"

"Apana."

Wilondja akakaa chini kwenye bomba. Alitazama mikono yake. "Yaya, mi ni mukimbizi. Mukimbizi na kesi ya bunduki. Unajua batanifanya aje?"

Annuarite alijua.

Walikwenda kwa Thacienne. Yeye ni Mnyarwanda, naye ni mkimbizi. Anafanya kazi katika chumba cha ushauri wa sheria hapo kambini. Thacienne aliwapa viti, akafunga mlango ili watu wa foleni wasisikie. Akawasikiliza mpaka mwisho.

"Ni nani alikosea kwanza?" aliuliza.

"Ile ofisi," alisema Annuarite.

"Ndiyo. Karatasi ndiyo ilikuwa na kosa. Bunduki haikuwa na kosa. Sasa mmeifanya bunduki iwe na kosa pia."

"Lakini karatasi ya serikali nani anaweza kuibadilisha?" aliuliza Wilondja.

"Serikali yenyewe. Sikieni. Namba ya kwenye chuma inapigwa kiwandani. Haibadiliki mpaka bunduki inakufa. Iko kwenye risiti ya duka. Iko kwenye kitabu cha polisi. Ukiigusa, hakuna tena anayeweza kujua bunduki hiyo ilitoka wapi. Ndiyo maana sheria inaikataza vikali, hata kama nia yako ni nzuri."

"Basi ilikuwa tufanye aje?" aliuliza Bibi Sabine.

"Mwenye bunduki angekwenda mwenyewe polisi, Mama. Siyo mke, siyo shemeji. Angebeba leseni, kitambulisho chake na risiti ya kununulia. Bunduki angeiacha nyumbani, imefungwa, haina risasi, na ufunguo anao yeye. Angesema, 'Karatasi yangu ina kosa, naomba mje muione bunduki, au mniambie niilete namna gani.' Wangelinganisha namba. Wangeandika leseni nyingine. Na mwenyewe asingeandika kitu kwa kalamu yake juu ya leseni. Hata nukta."

"Na faili haingerudi mwanzo?" aliuliza Wilondja.

Thacienne alimtazama kwa huruma. Alikuwa anajua swali hilo linatoka wapi. Yeye pia ana kadi. "Hapana," alisema. "Siyo kila ofisi ni ile uliyoizoea."

Nje watu walikuwa wakibishana juu ya nafasi zao kwenye foleni.

"Sasa tufanye nini?" aliuliza Annuarite.

"Aliyechonga aende mwenyewe kabla hajatafutwa. Aseme kweli yote. Nitakwenda naye. Ila siwezi kuwadanganya. Yule wa ndani anaweza kutoka. Huyu naweza nisirudi naye."

Wilondja akamgeukia mama yake. "Mama, we unasema nini?"

Bibi Sabine alikuwa na watoto wawili tu waliobaki. Mmoja alikaa kulia kwake, mwingine kushoto. Alitaka kusema, kimbia. Alifikiria mpaka wa nchi, na jamaa waliobaki ng'ambo. Kisha akakumbuka ile ndoo ya maji ambayo Kachingwe humwekea juani.

"Bamemuuliza shemeji yako jina ya fundi siku zote hizi," alisema. "Na leo tena bamemuuliza. Hajasema."

Wilondja akainama. Thacienne hakumharakisha.

"Basi twende," alisema Wilondja. "Lakini nivue hii nguo ya kazi. Nisiende kama mwizi wa vyuma."

Mjini Lilongwe Wilondja alieleza yote mbele ya polisi, na Thacienne akatafsiri. Alionyesha tindo yake. Afisa aliuliza mara nyingi, "Nani alikutuma?" Kila mara Wilondja alijibu, "Hakuna. Niliona karatasi njo mukubwa." Afisa aliandika, akatikisa kichwa, akaandika tena. Wakatafuta kitabu chao. Namba ya zamani ilikuwemo, na mwisho wake ilikuwa moja. Kosa lilikuwa la mchapaji wa leseni tu.

Bibi Sabine alingoja nje. Mwanamke mmoja anayeuza maandazi langoni alimpa kigoda chake, akauza akiwa amesimama.

Kachingwe alitoka. Alikuwa amekonda, na ndevu zimeota. Alipofika langoni alimwona Wilondja akipelekwa upande mwingine na askari wawili. Walipishana karibu sana.

"Alamu," alisema Kachingwe. Ndivyo Wamalawi wanavyomwita shemeji.

Wilondja hakuweza kumtazama.

Hakimu alikubali kwamba Wilondja hakuwa na nia ya wizi. Alikubali pia kwamba alijileta mwenyewe, na kwa hiyo akampunguzia adhabu. Lakini alimfunga. Bunduki haikurudi, kwa sababu bunduki yenye namba iliyochezewa haipewi mtu tena. Leseni ya Kachingwe ilifutwa, maana aliacha ufunguo kwa mtu mwingine. Kwa muda mrefu Annuarite na mumewe walikula bila kuzungumza.

Fisi nao walirudi. Waliua mbuzi jike mwenye mimba, yule ambaye Annuarite alimpenda. Kachingwe alizika mabaki, akaosha jembe, na hakumlaumu mtu.

Siku ya kuwaona wafungwa, Bibi Sabine alikwenda gerezani na chakula. Kachingwe alisema atambebea kikapu. Alipofika mlangoni hakurudi. Aliingia naye.

Wilondja aliletwa. Alikuwa amenyolewa kichwa. Alipomwona shemeji yake alitaka kupiga magoti, lakini Kachingwe alimshika bega na kumkalisha kwenye benchi.

"Kula," alisema Kachingwe. "Nsima inapoa."

Wilondja alianza kula. Baada ya muda akauliza, "Mbuzi?"

"Wachache wamebaki. Usiku wanalala zizi la Ezechiel."

Ezechiel ni jirani yao wa Nathenje. Yeye pia ana bunduki.

"Anakubali?" aliuliza Wilondja.

"Alikuja mwenyewe kuwachukua. Leseni yake nayo ilikuwa na kosa, alamu. Namba ilikuwa pungufu. Alikuja kuniuliza, kwa kuwa alisikia habari zetu. Alikuwa anaogopa. Nikamwambia asiguse kitu. Nikaenda naye polisi."

Wilondja aliacha tonge mkononi. "Balimufanya nini?"

"Walimwambia akae. Sajenti alikwenda kuiona bunduki nyumbani kwake. Akasoma namba kwenye chuma. Ezechiel akapewa leseni nyingine, na nakala ya kuweka."

"Balimufunga?"

"Hapana."

"Balimukasirikia?"

"Walimwomba radhi. Walisema aliyechapa alikosea."

Wilondja akamtazama mama yake, kisha akamtazama Kachingwe. "Njo yote? Hakuna ingine?"

Kachingwe alikuwa amejifunza Kiswahili kwa mkewe, na alimjibu kama wao wanavyosema.

"Njo yote, alamu."

Wilondja alirudisha tonge kwenye sahani. Alilia bila sauti, kama mtu asiyetaka kuwasumbua wa benchi la pili. Bibi Sabine alimfuta uso kwa ncha ya kitenge chake. Kachingwe aligeukia ukutani ili asimwone akilia. Kengele ilipolia, alikusanya sahani kikapuni.