Shuka la Kumgeuzia Bibi

Kabla chai haijachemka, mama yake Chiriku alikuwa ameshaingia chumbani kwa bibi. Bibi alikuwa amepooza upande mmoja, na asipogeuzwa alitoka vidonda. Mama alimshika chini ya makwapa, akamvuta, akambadilisha shuka, akamlisha uji. King'ora cha kiwanda kilipolia, alitoka mbio kwenda kushona kola za mashati.

Baba alikuwa mezani akisubiri chai. Bibi ni mama yake mzazi, lakini kumwinua aliona ni kazi ya wanawake.

"Mkwe wangu ananibeba kama gunia," bibi alisema. "Ipo siku nitamvunja."

Chiriku alicheka. Waliomwita jina hilo walijua mdomo wake haupumziki. Hata hivyo, jambo moja hakumwambia mtu. Alikuwa amemwona mama ameegemea ukuta, ameuma meno, mguu mmoja umekufa ganzi.

"Usimwambie mtu," mama alimwonya. "Msimamizi akisikia, mashine yangu atapewa mwingine. Tutakula nini?"

Muuguzi anayetembelea wagonjwa majumbani alipofika, aliuliza, "Bibi anainuliwa na nani? Mpo wawili?"

Mama alimtazama Chiriku.

"Tupo wawili," Chiriku akajibu upesi. "Mimi na mama."

Muuguzi akafunga mkoba wake, akaondoka.

Haukupita muda. Asubuhi moja Chiriku alisikia kishindo, akakimbilia chumbani. Mama alikuwa sakafuni, bibi juu yake.

"Nitoeni," bibi alilia. "Namuua mtoto wa watu."

Baba alisimama mlangoni, kikombe mkononi, hajui aanzie wapi.

Hospitali walisema mgongo umeumia vibaya. Mama asingeweza kukaa kwenye mashine kwa miezi mingi. Msimamizi naye alituma ujumbe mfupi: kola hazisubiri, nafasi yake imeshapata mtu. Mama alirudi nyumbani, akalala kwenye godoro akiutazama ukuta.

Muuguzi alipokuja tena, Chiriku alianza kulia. "Nilikudanganya. Mama alikuwa anamwinua peke yake."

"Ulidanganya, ndiyo," muuguzi alisema. "Ungesema kweli, njia hii ya kumgeuza ningewaonyesha siku ile ile." Akakunja shuka mara mbili, akalipitisha chini ya mgongo wa bibi. "Baba, shika upande huo," akamwambia baba aliyekuwa mlangoni na kikombe chake.

"Mimi? Lakini kazi hii..."

"Wewe nilikugeuza tangu siku uliyozaliwa," bibi alisema kutoka kitandani. "Sikuuliza kazi ya nani."

Baba akaweka kikombe chini, akashika. Walivuta pamoja, na bibi akageuka bila kuinuliwa na mtu.

"Kumbe mikono unayo," bibi akasema.

Muuguzi aliwageukia wote.

"Mficha maradhi kifo humuumbua. Mama huyu aliyaficha kwa kuogopa kupoteza kazi, sasa kazi hana na mgongo hana. Chiriku, mtu wako akiumia, sema, hata akikukataza. Na wewe baba, mgonjwa ni wa nyumba nzima. Mgongo wa mtu mmoja hauwezi kuibeba nyumba."

Kesho yake baba na Chiriku walimgeuza bibi kabla ya chai. King'ora kilipolia, mama alishtuka, akataka kuinuka. Kisha akakumbuka, akalala tena.